Lugha ya Shule katika Nchi ya Washambaa

Mwalimu anayesimama mbele ya watoto wa kidato cha kwanza hapa Mlola, katika milima ya Wilaya ya Lushoto, ana lugha tatu mbele yake. Ya kwanza ni Kishambaa, aliyolelewa nayo mtoto. Ya pili ni Kiswahili, ambayo mtoto ameisomea miaka yote ya shule ya msingi, tena ameizoea sokoni, msikitini na kanisani. Ya tatu ni Kiingereza, na tangu siku ile hiyo ndiyo lugha ya vitabu na ya mitihani, isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe na masomo machache mengine. Watu wamelizoea jambo hili hata hudhani ndiyo desturi ya shule tangu zamani. Kumbe katika milima hii lugha ya shule imebadilika mara kadha wa kadha, na tukizichungua sababu za mabadiliko hayo, ni chache mno zilizotoka kwa mtoto mwenyewe. Kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni walimu na wachungaji, na kwa kuwa misheni ilikuwa na sehemu kubwa katika habari hizi, twaona yafaa kuzieleza.

Kwanza tueleze tulilolishuhudia. Lilikuwa somo la jiografia, juu ya mmomonyoko wa udongo. Wasomaji waliopata kufika Mlola watakumbuka jinsi mashamba yalivyolala mtelemkoni, na jinsi mvua za masika zinavyoshuka zikiwa nyekundu kwa udongo. Mtoto wa hapa hahitaji picha ya kitabuni. Mwalimu aliuliza kwa Kiingereza ni nini kinachouondoa udongo wa juu, na darasa likanyamaza kama kaburi. Akarudia swali lilelile kwa Kiswahili, mikono ikainuka kila upande. Mmoja alieleza jinsi baba yake alivyopanda majani ya guatemala kukingama mtelemko. Mwingine akasema kwamba shamba la bibi yake limebaki mawe matupu tangu miti ya juu ilipokatwa. Lilikuwa somo zuri sana kwa muda wa robo saa. Kisha mwalimu aliandika ubaoni maelezo ya Kiingereza, watoto wakayanakili kwa hati safi, na ulipofika mtihani wa muhula, mtoto yule wa majani ya guatemala alinakili swali lenyewe mahali pa jibu. Alipata sifuri. Mtu asiyemjua angesema ya kuwa hajui lolote juu ya udongo.

Tena Kishambaa kina maneno ya heshima kuu juu ya jambo hilihili. Wazee husema *kuzifya shi*, yaani kuitengeneza nchi iwe njema, na kinyume chake *kubana shi*, kuiharibu. Zamani maneno hayo yalihusu mvua na njaa, na mapatano au magombano ya watawala, kwa maana nchi iliponywa au iliharibiwa na mfalme wake. Hatukusikia hata mara moja maneno haya yakitajwa katika somo lile, wala hatumlaumu mwalimu. Naye alisomeshwa hivyohivyo.

Sasa turudi nyuma. Krapf alipofika Vugha mwaka 1848, na mara ya pili mwaka 1852, kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliwakuta watu wa pwani wamekwisha kumtangulia. Walikuwako Waislamu karibu na mfalme, na baadhi ya wanawe walikuwa wamesilimu. Mambo ya pwani yalihitaji barua, na barua ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na watu waliojua kazi hiyo. Hata habari za ukoo wa Wakilindi, tangu Mbegha mwindaji alipotoka Nguu, ziliandikwa kwa urefu mara ya kwanza kwa Kiswahili, wala si kwa Kishambaa. Mwandishi wake alikuwa Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyekuwa amemtumikia Semboja wa Mazinde, na wamisionari wa UMCA wakakipiga chapa kitabu chake. Basi si kweli kwamba Kiswahili kililetwa mlimani na serikali. Lakini kilikuwa lugha ya baraza na ya biashara. Mwanamke aliyekuwa akipalilia maharagwe bondeni hakuwa na haja nacho.

Misheni zilipokuja ziligawanyika katika jambo hili. UMCA, iliyokuwa na makao Magila, chini ya milima, katika nchi ya Bonde, ilitoka Unguja na Kiswahili chake mkononi. Askofu Steere alikuwa amekwisha kuitengeneza sarufi yake, Agano Jipya la Kiswahili likatoka, na baadaye Biblia nzima, na vijana wa Bonde walipelekwa Kiungani kusoma. Juu mlimani mambo yalikuwa mengine. Chama cha Wajerumani kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Bethel, kilijenga Mlalo mwaka 1891 (mgeni asichanganye Mlalo na Mlola yetu), kisha Vuga mwaka 1895 na Bumbuli mwaka 1899. Wamisionari hao walichagua Kishambaa. Walijifunza lugha, wakaiandika, wakafundisha watoto kusoma kwa lugha hiyo, na mwaka 1908 Agano Jipya la Kishambaa lilikuwa tayari.

Kwa nini walichagua hivyo? Sababu moja ilikuwa njema, nayo ilitoka kwa Luther mwenyewe: mtu alisikie Neno kwa lugha ya mama yake. Sababu ya pili twapenda kuisema waziwazi, ingawa si ya kujivunia. Wengi wao walikiogopa Kiswahili kwa kuwa walikiona ni lugha ya Uislamu. Walidhani mtoto akifundishwa Kiswahili ataingia msikitini kwa mlango wa nyuma. Hivyo lugha ambayo mtoto aliielewa kuliko zote iliingia shuleni, nusu kwa kumpenda mtoto na nusu kwa kuiogopa dini ya jirani yake. Twaona jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mtu anayetoa hoja juu ya lugha ya shule. Uamuzi ulio sahihi waweza kusimama juu ya sababu isiyo sahihi, na sababu ikiondoka, uamuzi nao huondoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Serikali ya Wajerumani ilihitaji makarani na maakida, nayo tangu mwaka 1892 ilikuwa na shule yake Tanga iliyofundisha kwa Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Toka Tanga lilitoka gazeti la *Kiongozi*, lililodumu tangu 1904 hata 1916, na kijana wa mlimani aliyetaka mshahara aliona wazi njia inakopita. Mwanafunzi wa misheni aliyejua kusoma Kishambaa peke yake alishuka Tanga akakuta kwamba kusoma kwake hakuna mnunuzi. Wazazi walianza kuuliza, na swali lao tutalikuta tena baada ya miaka mia moja.

Hapa yafaa tusimame kidogo kwa Karl Roehl, kwa sababu katika mtu huyu mmoja twaiona safari nzima. Mwaka 1911 alitoa sarufi kubwa ya Kishambaa, kazi ya mtu aliyeamini kwamba lugha ya mlima ina haki ya kuchunguzwa kama Kigiriki. Baada ya vita kuu ya kwanza mtu huyohuyo alijitia katika kazi ya kuifasiri Biblia kwa Kiswahili, akisaidiwa na walimu Waafrika. Agano Jipya lake likatoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Walakini woga wa zamani haukumtoka. Alijitahidi kuyaondoa maneno ya asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake, hata msomaji wa pwani akisoma aliona ni Kiswahili kilichovuliwa kanzu. Biblia yake ilipendwa na wengi katika makanisa ya Kilutheri, lakini tangu mwaka 1952 ile iitwayo ya Umoja ndiyo iliyoenea zaidi. Sisi twamheshimu Roehl sana, wala hatumcheki. Alijaribu kukifanya Kiswahili kiwe lugha ya watu wa bara, na hilo lilitokea kweli, ila si kwa njia yake: lilitokea kwa soko, kwa shule, kwa reli, kwa siasa, na kwa maneno yaleyale ya Kiarabu ambayo leo Mshambaa huyatumia pasipo kuuliza yametoka wapi.

Habari za wakati wa Waingereza ni ndefu, lakini kwa shauri letu zaweza kufupishwa. Tume ya Phelps-Stokes, iliyokuwamo James Aggrey, ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, ikashauri mtoto aanze kwa lugha ya kwao. Mwaka uliofuata serikali na misheni walikutana Dar es Salaam kupatana juu ya elimu. Tangu hapo misheni iliyotaka fedha ya msaada ilipaswa kuufuata mpango wa serikali, nao ulikuwa wa Kiswahili katika madarasa ya chini, na Kiingereza katika ya juu. Kishambaa kilitoka shuleni pasipo kushindwa kwa hoja, kwa hesabu ya fedha tu. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kukisanifu Kiswahili cha Unguja, na kamusi yake ikatoka mwaka 1939. Kazi hiyo ndiyo iliyokipa Kiswahili vitabu vya hesabu, vya afya na vya kilimo. Twaomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Baada ya uhuru, mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote za serikali. Hapana budi tukiri kwamba kwa mtoto wa Mlola siku ile Kiswahili kilikuwa bado lugha ngeni kwa kiasi fulani. Tulipokuwa wadogo tulisoma katika shule moja ambayo mtoto aliyesikiwa akisema Kishambaa uwanjani alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosa, ampokeze. Kibao kile kilitufundisha kuviziana kuliko kilivyotufundisha Kiswahili. Kiswahili chenyewe tulikipata kwingine: kwa redio, kwa mikutano ya kijiji, kwa watu wa Tanga na Korogwe waliokuja kununua mboga, kwa nyimbo za kanisa na mawaidha ya Ijumaa. Lugha hukoma kuwa ngeni darasani pale mtu anapokuwa anaishi ndani yake nje ya darasa. Katika muda wa kizazi kimoja au viwili Kiswahili kilipata makao mlimani, na leo mtoto wa Mlola huota ndoto kwa lugha mbili.

Wengi walitazamia kwamba baada ya shule ya msingi sekondari ingefuata. Mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1969, uliitaja nia hiyo. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa taarifa yake mwaka 1982, ikapendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985 na kuendelea mpaka Chuo Kikuu. Mwaka 1983 serikali ikakataa. Mwaka 1984 uchunguzi wa Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, ulionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakijui Kiingereza kiasi cha kujifunzia. Mtu angedhani taarifa ya namna hiyo ingekiondoa Kiingereza. La, ilileta mradi wa vitabu vya kukitia nguvu. Hata Nyerere, aliyewapa Waswahili *Juliasi Kaizari* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, alikiona Kiingereza kuwa ndicho Kiswahili cha dunia, akaogopa kwamba kikitoka sekondari kitatoka nchini. Sera ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote za elimu. Toleo lake la mwaka 2023 likaifuata tena desturi ya Kiingereza katika sekondari.

Katika mabishano hayo lilitokea badiliko moja ambalo halikutangazwa kama badiliko la lugha, nalo kwa Mlola lilikuwa kubwa kuliko yote. Zamani waliokwenda sekondari walikuwa wachache mno, waliochaguliwa kwa ukali, wakapelekwa shule za bweni ambako Kiingereza kilisemwa mchana na jioni. Tangu mwaka 2004 ulianza mpango wa kupanua sekondari, shule za kata zikajengwa kila mahali, na tangu Januari 2016 ada ikaondolewa. Haya ni mambo mema, nasi tumeyashukuru. Lakini sasa anayevuka kizingiti kile si mtoto mmoja mteule. Ni kijiji kizima. Naye hurudi nyumbani jioni, mahali ambapo hakuna asemaye Kiingereza hata neno la salamu. Hupewa majuma machache ya mafunzo ya lugha mwanzoni mwa kidato cha kwanza, kisha hukabidhiwa biolojia, fizikia na historia kwa lugha hiyo.

Wako wanaosema, Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Neno hili halina nguvu tena, maana tangu mwaka 1990 iko *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Hata kama isingalikuwako, Ulaya yenyewe yatushuhudia. Kwa karne nyingi mtoto wa Mjerumani alisoma kwa Kilatini, lugha ambayo mama yake hakuijua, na wanachuo walisema ya kuwa Kijerumani ni lugha ya wakulima isiyoweza kubeba elimu. Mwaka 1687 Christian Thomasius alipotangaza mafundisho yake kwa Kijerumani katika chuo cha Leipzig, wenzake waliona ni fedheha. Maneno hayakuwako, yalipatikana kwa kutumiwa. Wamisionari waliopanda Mlalo walikuwa wajukuu wa badiliko hilo, na labda ndiyo maana waliielewa haki ya Kishambaa upesi.

Tena tutazame chuo cha Qurani kilicho jirani na shule yetu. Mtoto husoma Kiarabu, hukihifadhi kwa moyo, na sauti yake hupendeza. Lakini mwalimu wake akitaka kumfahamisha maana ya alichosoma, husema naye kwa Kiswahili, na kwa mtoto mdogo sana kwa Kishambaa. Hatujasikia mwalimu wa chuo aliyejaribu kueleza Kiarabu kwa Kiarabu kwa mtoto wa miaka saba. Nasi wachungaji hatuhubiri kwa Kigiriki. Shule ya sekondari ndiyo nyumba ya pekee kijijini ambamo watu wamekubali kwamba maana ya jambo ielezwe kwa lugha isiyofahamika, na asiyefahamu ahesabiwe mjinga.

Walakini tusiwadharau wazazi. Tulipowauliza baba na mama kadha wa kadha hapa Mlola kama wangependa sekondari ifundishe kwa Kiswahili, wengi walikataa. Mama mmoja alitujibu, "Mwalimu, ninyi mmekwisha kukipata Kiingereza, sasa mwataka kutufungia mlango?" Hatukuwa na jibu jepesi. Analosema ni lilelile la wazazi wa wakati wa Wajerumani, walioona kwamba Kishambaa cha misheni hakiwafikishi Tanga. Yeye haulizi mtoto ataelewa kwa lugha gani. Anauliza mtoto ataajiriwa kwa lugha gani. Na mradi mitihani na kazi nzuri viko upande wa Kiingereza, hesabu yake si mbaya. Kosa moja tu limo ndani yake, tena ndilo lililotupata sisi sote: kudhani kwamba kufundishwa fizikia *kwa* Kiingereza ni njia ya kujifunza Kiingereza. Mtoto wa somo la udongo hakupata udongo wala Kiingereza. Angefundishwa Kiingereza vizuri, kama somo, na mwalimu aliyekisomea kazi hiyo, na jiografia kwa lugha anayoielewa, twaamini angepata vyote viwili.

Twajua kwamba barua ya mwalimu wa kijijini haibadilishi sera. Kwa hiyo walimu wachache tumeanza kazi iliyo ndani ya uwezo wetu. Tunakusanya daftari la maneno kwa safu tatu, Kishambaa, Kiswahili na Kiingereza, ili mwalimu mgeni atokaye Mwanza au Mbeya, asiyejua Kishambaa, aweze kuvuka pamoja na watoto wake. Katika kazi hii tumekutana na jambo moja la ajabu. Kamusi kubwa ya Kishambaa iliyopata kupigwa chapa ni ile ya mmisionari LangHeinrich, iliyotoka Hamburg mwaka 1921, nayo hueleza kila neno kwa Kijerumani. Mshambaa akitaka kuzisoma hazina za babu yake humo, hana budi kwanza ajifunze Kijerumani. Twamshukuru padre mmoja mzee, aliyekijua kiasi, aliyetusomea kurasa kadhaa kwa subira, na wakati mwingine akacheka peke yake kabla hajatufasiria. Maneno ya udongo, ya maji na ya mimea tumekwisha kuyaandika, pamoja na *kuzifya shi* na *kubana shi*. Ya umeme na ya sumaku bado.